Epoksi, kuchomelea, faiba au kununua jingine: plastiki ya gari ikivunjika hapa Tanga

Bampa limepasuka kona, sikio la taa limekatika, shoo ya mbele (grili) imebaki na ubavu mmoja. Ukiingia gereji yoyote mjini Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Kange, utapewa moja ya majibu manne: tujaze epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili), tuchomelee, tupige faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo na rezini yake), au ukatafute jingine. Kila fundi ana njia anayoipenda, na mara nyingi ni ile ambayo vifaa vyake anavyo mkononi. Mwenye gari naye huuliza swali moja tu: "Gundi gani ina nguvu?"

Swali hilo ndilo linalompotezea pesa. Epoksi ikikutana na plastiki inayokubaliana nayo, kifaa kikigongwa tena hupasuka pembeni, na pale palipogundishwa hapaguswi. Epoksi hiyohiyo ukiijaza kwenye bampa la kawaida, baada ya muda mfupi wa mashimo na matuta inabanduka kipande kizima, safi, bila kuacha hata alama. Tofauti imo kwenye plastiki yenyewe, na kwenye kazi ambayo kifaa kinafanya garini.

Soma kwanza mgongo wa kifaa

Geuza kifaa upande usioonekana, usugue tope kwa sabuni, kisha utafute herufi ndogo zilizofungwa kati ya alama hizi mbili: > na <. Kiwanda kiliziweka ili kuwasaidia wanaorejeleza plastiki, lakini hakuna anayefaidika nazo kama fundi. >PP< ni polipropilini. >PP+EPDM< ni polipropilini iliyochanganywa na mpira ili isivunjike kirahisi, na ndiyo utakayoikuta kwenye mabampa mengi ya Kijapani tunayoendesha. Kwenye Toyota unaweza kukuta >TSOP<, ambayo ni ya ukoo huohuo. >ABS< ni plastiki ngumu isiyokunjika, na hutumika sana kwenye shoo, vifuniko vya saitimira (vioo vya pembeni) na mapambo ya ndani. >PA66-GF30< ni nailoni yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo, na matenki ya rejeta hutengenezwa kwa hiyo. >PC< ni kile kioo cha mbele cha taa. Ukiona herufi T ikifuatwa na namba, ni kiasi cha unga wa talki uliochanganywa: T20 ni asilimia 20.

Herufi zikiwa zimefutika, chukua msasa namba 80 ukasugue sehemu iliyofichika. ABS na nailoni hutoa unga mkavu. Polipropilini haitoi unga. Inaota nywelenywele, inajipaka, kama vile inataka kuyeyuka. Kipimo hiki nakiamini kuliko kile cha kutumbukiza kipande kwenye maji ambacho watu hupenda kukitaja. Ni kweli polipropilini tupu huelea na ABS huzama, ila polipropilini ikishatiwa talki nyingi nayo huzama. Mwili wa taa ya mbele, kwa mfano, mara nyingi ni >PP-T40<. Unazama kama jiwe, na mtu anayetegemea maji ataondoka akidhani ana ABS mkononi.

Bampa: epoksi au kuchomelea?

Hapa nitakaa kidogo, maana bampa ndilo linaloliza watu wengi zaidi.

Polipropilini haipendi kushikwa na kitu. Gundi ili ishike lazima kwanza itandae na kulowesha uso, na uso wa polipropilini unaikataa. Epoksi juu yake ni maji juu ya jani la gimbi. Sasa sikiliza mazungumzo ya kawaida ya gereji:

"Kaka, hii si ni PP? Epoksi itashika kweli?"

"Itashika, bosi. Nikipiga msasa vizuri inashika."

Fundi hasemi uongo kwa makusudi. Msasa huipa epoksi mikwaruzo ya kung'ang'ania, na siku ya kwanza kazi inaonekana imara. Lakini msasa haubadilishi asili ya uso. Juu ya hapo, bampa liliundwa lijikunje na kurudi, ilhali epoksi ya kawaida ikikauka ni ngumu, haikunjiki. Gari likiparuza tuta au likiingia shimo, plastiki inapinda na epoksi inabaki ilivyo. Inachomoka.

Iko njia ya kuisaidia. Unapitisha haraka mwali wa buluu wa gesi juu ya sehemu iliyokwisha kusafishwa, bila kutulia mahali pamoja, ili uso uungane na oksijeni kidogo pasipo plastiki kuyeyuka. Utajua imekubali ukinyunyizia maji: yakitandaa badala ya kujikusanya matone, uko tayari, na unatakiwa ugundishe muda huohuo. Njia nyingine ni praima maalumu ya plastiki, ile inayopakwa kabla ya gundi. Zote mbili ni za kweli, zinafanya kazi, lakini zinahitaji mkono uliozoea. Na hata hapo utahitaji epoksi ya aina inayonyumbuka, ambayo si kila duka la spea mjini linayo.

Kuchomelea kunaliondoa tatizo hilo lote, kwa kuwa hakuna gundi. Plastiki inaungana na plastiki ya aina yake. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 na kidogo, joto ambalo solda ya kawaida, ile pasi ndogo ya moto, inalifikia na kulipita. Fundi anatoboa tundu dogo, kama milimita 3, mwishoni mwa ufa ili usiendelee kutembea. Anapanga ncha mbili zilingane na kuzishika kwa vidonda vidogo vya moto. Upande wa nyuma anachimba mfereji wa umbo la V, anazamisha wavu mwembamba wa chuma, kisha anajaza juu yake kijiti cha plastiki ileile. Akimaliza anageuza na kufanya mbele kwa kina kidogo.

Kijiti si lazima kinunuliwe. Bampa bovu lililotupwa nyuma ya gereji linakatwa vipande vyembamba, na kama herufi zake zinalingana na za kwako, hicho ndicho kijiti. Zisipolingana, usikubali. Kijiti cha ABS juu ya PP hakitaungana hata ukikichoma mara ngapi.

Mambo mawili ya kumwangalia fundi. La kwanza ni moshi. Plastiki ikitoa moshi mwingi na kugeuka kahawia, imeungua, na ikipoa inakuwa kavu na nyepesi kuvunjika. Joto sahihi linaifanya ing'ae na kulainika tu. La pili ni huo wavu. Sisi tuko pwani. Chumvi ya hewa ya Raskazone na Sahare inakula hata bawaba za milango, sembuse waya mwembamba uliofunikwa na plastiki nusu milimita. Omba wavu wa chuma kisichoshika kutu. Ni hivyohivyo kwa zile pini za mawimbi zinazozamishwa kwa mashine ya moto: zinashika vizuri sana, lakini ziwe za chuma kisichoshika kutu, na ncha zake zikatwe na kufunikwa.

Kwa hiyo kwa bampa jibu langu halina kigugumizi: chomelea. Epoksi inayonyumbuka, au fila (uji wa kujazia) ya plastiki, ije baadaye kusawazisha uso kabla ya rangi, ikiwa imetanguliwa na praima ya plastiki. Ile fila ya bati isiguse bampa kabisa. Ni ngumu, itapasuka na kuondoka na rangi yako.

Pale epoksi inapostahili heshima yake

Nisieleweke vibaya: epoksi naipenda, na kuna kazi ambazo hakuna kinachoishinda. ABS ni rafiki yake. Kifuniko cha saitimira kilichokwanguliwa na bodaboda kwenye foleni, ubavu wa shoo, fremu ya matundu ya hewa ndani ya gari, kifuniko cha spika: vyote hivi ni vigumu, havikunjwi, na vikishasafishwa na kukwaruzwa vinaishika epoksi barabara. Vifaa vilivyotengenezwa kwa faiba tangu mwanzo navyo ni hivyohivyo. Nailoni pia inakubali, mradi iwe kavu na isiwe inafanya kazi kwenye joto na shinikizo.

Siri iko kwenye maandalizi. Osha kwa sabuni, futa mafuta kwa spiriti, na thina kali iweke mbali na ABS kwa kuwa inaitafuna. Toboa mwisho wa ufa, chimba mfereji wa V, piga msasa eneo pana kuliko ufa, yaani sentimita mbili au tatu kila upande. Kwa nyuma laza kitambaa cha faiba kilicholoweshwa epoksi. Kitambaa hicho ndicho kinachobeba nguvu, na epoksi ya mbele kazi yake ni kujaza. Shoo yenye kromu inahitaji hatua moja zaidi: kwangua kromu yote mahali pa kugundisha, la sivyo gundi itashika kromu na kromu itabanduka kwenye plastiki.

Kisha kuna hewa yetu. Maelekezo ya kwenye boksi yaliandikwa kwa chumba cha ubaridi, si kwa gereji ya bati saa nane mchana. Epoksi inakauka kwa joto lake yenyewe, na kwa makadirio ya kawaida kila nyuzi 10 zikiongezeka kasi inakaribia kuwa maradufu. Ukichanganya kikombe kizima kwa pamoja kitachemka mkononi na kutoa moshi kabla hujamaliza nusu ya kazi. Changanya kidogokidogo, juu ya kipande bapa na si ndani ya kopo, tena asubuhi au jioni.

Unyevu nao una lake. Epoksi nyingi zikikaukia kwenye hewa yenye maji, kama yetu wakati wa masika, hutoa juu yake utando mwembamba unaoteleza kama nta. Ukipiga msasa juu ya utando huo unauzamisha ndani ya mikwaruzo, na tabaka la pili au rangi haitashika. Dawa ni nyepesi mno: osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha, ndipo upige msasa. Rangi nyingi zinazobanduka juu ya kazi ya epoksi zinasingiziwa rangi, kumbe ni huo utando.

Kati ya epoksi ya dakika tano na ile ya kukauka usiku kucha, chukua ya usiku kucha kila unapoweza. Ya dakika tano ni dhaifu zaidi na hulainika kwa joto dogo zaidi, nyingine kuanzia nyuzi 50 au 60 hivi. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hupita nyuzi 70. Kwa hiyo kipande cha dashibodi kilichogundishwa kwa epoksi ya haraka kinaweza kushika vizuri wiki nzima ya mawingu, halafu kikaachia siku moja ya jua la Februari. Na popote utakapoiacha nje wazi bila rangi, jua litaigeuza njano kisha unga.

Vaa glavu. Kuna watu ngozi zao huanza kuikataa epoksi baada ya kuishika mara nyingi, na mwili ukishaikataa hauirudii tena. Fundi wa namna hiyo kila akiisogelea anawashwa na kuvimba. Barakoa ya vumbi wakati wa msasa nayo ni lazima, hata kama fundi atakucheka.

Kabla hatujaiacha ABS: ina mshindani mmoja wa epoksi ambaye ni rahisi ajabu. ABS inayeyuka kwenye asetoni. Katakata vipande vya ABS ileile, viloweke kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo mpaka viwe uji mzito, kisha jaza ufa kwa tabaka nyembamba. Asetoni ikiruka, kinachobaki ni ABS yenyewe. Inasinyaa ikikauka, kwa hiyo usiharakie tabaka moja nene, na ipe siku nzima au zaidi kabla ya msasa. Kwa nyufa nyembamba naiweka mbele ya epoksi. Kwa mahali palipotoka kipande kizima, epoksi na kitambaa cha faiba vinashinda. Asetoni inashika moto kwa kasi sana, basi kazi hiyo ifanyike mbali na solda na sigara.

Faiba na supaglu

Faiba kwa rezini ya poliesta, ile ya mafundi wa boti na matenki, ni bei nafuu na mafundi wake wapo wengi mji wa pwani kama huu. Kwa bampa la faiba, kwa boneti ya lori ya faiba, waite hao. Kwa bampa la PP tatizo ni lilelile la epoksi, tena zaidi, kwa kuwa rezini ya poliesta hushika vibaya kuliko epoksi. Utapata ganda gumu zuri lililokaa juu ya plastiki bila kuungana nayo, na fundi mwenye huruma atalifunga kwa skrubu.

Supaglu na baking soda hukauka papo hapo na kuwa kama jiwe. Nzuri kwa kushikilia vipande vilingane huku ukiandaa kazi ya kweli. Haipendi kutikiswa, na gari linatikisika.

Ule ushonaji wa kebo tai (vile vikanda vya plastiki vya kukaza) unaouona kwenye mabampa ya Noah na Probox za njia ya Pangani na Horohoro, mimi siudharau. Hauvutii macho, lakini unanyumbuka na bampa, na gari la kazi linaendelea na kazi. Ukiwa na pesa ya kebo tai tu, shona, wala usiweke epoksi. Bampa lililoshonwa linachomelewa vizuri baadaye. Lililojazwa epoksi litampa fundi kazi ya kukwangua kwanza.

Taa ya mbele

Masikio ya taa hukatika kwa kugongwa kidogo tu. Mwili wa taa, kama tulivyoona, mara nyingi ni polipropilini yenye talki, basi epoksi haifai na kuchomelea ndiko kunakofaa. Likikatika sikio moja na kipande chake unacho, chomelea kwa wavu wa pande zote mbili. Yakikatika mawili au matatu, taa haitakaa kwenye mstari wake hata ikichomelewa na fundi hodari, na usiku barabara ya Segera utakuwa unawamulika madereva wenzako machoni. Hapo tafuta taa nyingine. Kioo chenyewe cha taa kikipasuka, kuziba hakurudishi mwanga sawasawa, na maji yataingia tu.

Visivyojazwa wala kuchomelewa

Tenki la plastiki la rejeta likipasuka, watu hukimbilia epoksi ya kukanda kama udongo. Maji ya injini iliyopata moto yanakaribia nyuzi 100, mfumo mzima uko chini ya shinikizo, na tenki linatanuka na kusinyaa kila unapowasha na kuzima gari. Kiraka kinaweza kukutoa Muheza kukufikisha mjini, ukienda polepole na jicho kwenye geji. Baada ya hapo badilisha rejeta au tenki. Kiraka kikiachia njiani bila wewe kuona, injini inachemka, na silinda hedi ni gharama ambayo hailingani hata kidogo na rejeta.

Feni ya plastiki yenye pangaboi lililovunjika, badilisha, kwa sababu uzito usiolingana unakula beringi na kipande kinaweza kuruka. Tenki la mafuta la plastiki, badilisha. Kifuniko cha usukani chenye eabegi ndani yake kisijazwe kitu chochote: kiwanda kilikiwekea mistari dhaifu ya makusudi ili kipasuke pale panapotakiwa, na ukiijaza epoksi umebadilisha namna eabegi itakavyofunguka mbele ya uso wa mtu.

Kununua jingine

Mara nyingine hesabu iko wazi. Nyufa zikiwa tatu au zaidi, vishikio vya pembeni vimekatika, na rangi lazima ipigwe upya vilevile, bampa lililotumika kutoka Japani linaweza kukugharimu karibu sawa na kuchomelea, kusawazisha na kupaka rangi. Likipatikana la rangi ya gari lako umeokoa kazi ya rangi yote. Namba ya rangi iko kwenye lile bati dogo lenye namba ya chesisi. Piga picha bati hilo, umtumie muuzaji kabla hajapakia mzigo kwenye basi la kuja Kange, na umwambie pia mwaka wa gari. IST za kabla ya 2005 na za baada ya hapo, kwa mfano, bampa zake hazifanani, na anayeagiza kwa kusema "IST" tu anaweza kuletewa lisilokaa.

Likifika, likague ukiwa bado stendi. Geuza uangalie mgongo kama kuna wavu, pini au utando wa epoksi uliofichwa chini ya rangi. Bonyeza kona kwa kiganja: plastiki nzima inaingia na kurudi, iliyojazwa inalia kama kigae. Tazama vishikio vya juu vinakopita skrubu, maana huko ndiko huvunjika wakati wa kung'oa.

Lile la zamani usimwachie mtu wa chuma chakavu. Kata vipande virefu vyembamba, uandike juu yake herufi ulizozikuta nyuma, uvihifadhi. Siku bampa jipya likipata ufa, ndivyo vijiti vya kuchomelea utakavyompelekea fundi.